Baba, Aliyeshika Usukani ni Tufani

Gisozi, Kigali

Baba yangu, Mzee Ramadhani,

Shikamoo Baba. Na shikamoo nyingine ni ya huo mguu wako wa kushoto, maana mama ameniambia sasa ndio mkubwa wa nyumba, ukiuma wote mnakaa chini. Umeamkaje huko Tabora? Kikohozi kimekuacha? Dawa unakunywa, au unamwonyesha mama kikombe halafu unamwagia mchicha? Nakufahamu. Mimi mwili hauna neno. Nakula, kazi ya kuvalisha makochi inaendelea, baridi ya vilima hivi nimeshaizoea. Ila moyo, Baba, hauko mahali pake, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Utauliza, barua ya nini na simu ipo? Simu yako, Baba, unaiweka spika. Nikikohoa huku, kijiwe kizima cha kahawa kinaniambia pole. Haya ninayotaka kusema si ya kijiweni. Nitampa barua dereva wa lori anayepita Rusumo, ataiacha Nzega kwa shemeji, na shemeji atakuletea. Mama akusomee chumbani, mlango umefungwa. Kaka Hamisi asiione kwanza, mdomo wake hauna kitasa. Na ukifika mahali pa kukuudhi usiichane. Msikilize mama mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Siku hizi ukinipigia, kabla hujaniuliza nimekula nini, unaniuliza habari za Tufani. "Wanamwonea kijana wetu huko, eti?" Na mimi nakujibu, "Sijui, Baba, nasikia sikia tu." Najua umekasirika tangu uliposikia redioni kwamba ameshtakiwa. Najua picha yake bado iko sebuleni pembeni ya saa, ile aliyopigwa akiwa na jezi ya timu yenu, kabla hajarudi kuchezea kwao huku Rwanda. Bao lake la dakika za mwisho umelisimulia mpaka kuku wa nyumbani wanalijua. Basi nilipokuwa nakujibu "sijui", nilikuwa nakudanganya. Najua, Baba. Nilikuwepo.

Tulia nikueleze.

Unajua mimi nafanya kazi hapa kwenye karakana za Gisozi, wenyewe wanapaita Agakiriro. Ni safu za maseremala, wachomeleaji na sisi wa makochi, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Bosi wangu anaitwa Célestin, nasi tunamwita Patron. Tufani anajenga nyumba kubwa kule Kinyinya, akaagiza makochi kwa Patron, na mimi ndiye niliyekuwa nashona vitambaa vyake. Rangi ya maziwa, Baba. Rangi ya mtu ambaye hana watoto wala wajomba.

Siku hiyo alikuja kuyatazama. Weee! Karakana nzima ilisimama. Randa zikanyamaza, watu wakatoa simu wampige picha. Alipomaliza akaingia kwenye gari lake, lile refu jeusi, na binamu yake Kalisa akakaa kiti cha pembeni. Mimi nikasema, Zuhura, hii nafasi ukiiacha, baba yako hatakusamehe. Nikaenda mpaka dirishani mwa gari nikagonga kioo kama mtoto. Akateremsha kioo. Nikamwambia, "Baba yangu yuko Tabora, ni mshika kibendera mstaafu, picha yako ameitundika sebuleni." Akacheka yale meno yake yote. Akasema, "Tabora! Watu wa asali! Msalimie sana mzee." Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya usukani, una saa kubwa ya dhahabu. Kalisa alikuwa kule pembeni na mishikaki mapajani, vidole vyote vinang'aa mafuta. Haya nayaandika polepole ili mama asiyaruke. Tufani kwenye usukani. Kalisa pembeni, anakula.

Mbele palikuwa na mkokoteni wa mbao umeziba njia. Wenye mkokoteni wakasema subiri kidogo. Tufani alikuwa amechelewa mazoezi, akapiga honi, akapiga tena, akakasirika. Akarudisha gari nyuma kwa nguvu bila kutazama. Na huko nyuma, Baba, alikuwa amechuchumaa Anastase, anapiga msasa miguu ya kitanda.

Ule mlio sitausema. Anastase alibanwa kati ya gari na rundo la mbao, na mguu wake ukavunjika juu na chini ya goti. Tufani akashuka. Akatazama. Akaweka mikono yote miwili kichwani kama anavyofanya akikosa penalti. Mimi nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na hii meza. Nikadhani atainama amshike. Akarudi garini akaondoka, kwa kuwa kwenye zile purukushani mkokoteni ulikuwa umeshasogezwa. Njia ilikuwa wazi. Watu walipiga kelele, "Ni Tufani! Tufani amekimbia!" Patron mwenyewe alipiga kelele hiyo, nilimsikia kwa masikio yangu.

Jioni yake Kalisa akajipeleka polisi. Akasema yeye ndiye aliyekuwa anaendesha.

Nilipohojiwa na mpelelezi, mama mmoja mpole tu, nilisema nilichokiona na nikaweka sahihi. Nilidhani wote tutasema hivyo hivyo. Baba, nakwambia, ungewasikia! Patron akasema alikuwa ameinama anaokota msumari. Mchomeleaji wa jirani akasema alikuwa amevaa ile miwani yake nyeusi. Mwingine alikuwa anafunga kamba ya kiatu, na mtu huyo anavaa ndala mwaka mzima. Siku ile Gisozi nzima ilikuwa imeinama. Nimebaki nimesimama mimi peke yangu, mwanamke wa Tabora.

Wote wawili wameshtakiwa, mmoja kwa kukiri na mwingine kwa maneno yangu. Lakini Kalisa yuko mahabusu, na Tufani yuko nje. Wakili wake alisimama akasema mteja wake anajulikana nchi nzima, ana mkataba, ana nyumba, atakimbilia wapi? Akaachiwa kwa muda, na wikendi ile ile akafunga bao. Kalisa hajulikani na mtu, mkataba hana, kwa hiyo yeye ndiye anayeweza kukimbia. Sisemi majaji wamekosea sheria, sheria mimi sijaisoma. Nasema nilivyoona tu. Mtu wa pembeni mwenye mishikaki yuko ndani, na mwenye usukani anashangiliwa.

Patron ananiambia, "Zuhura, wewe unaona upande moja tu. Hii angekuwa fundi wa kawaida, nani angeandika kwa gazeti? Angelipa hospitali, imeisha. Huyu wanamukula juu ya jina yake." Na Baba, hapo siwezi kumkatalia kabisa. Wako waliofurahi. Nimewaona watu wakitazama picha yake ameinamisha kichwa mahakamani, wanacheka, wanasema sasa atajua. Hawamlilii Anastase hao, hata jina lake hawalijui. Wanataka tu mkubwa aanguke wasikie kishindo. Hilo nalo si haki, ninaliona. Lakini nikirudi kwa Kalisa, nakumbuka vile vidole vyake vya mafuta.

Sasa nikuambie kosa langu, maana limenifanya nisiweze kukaa pembeni hata ningetaka.

Anastase alipotoka hospitali nikawa nakwenda kwao kila jioni. Ni mtu mzima, alikulia Karagwe kwetu Tanzania, Kiswahili chake ni cha nyumbani kabisa. Mke wake Odette ni wa hapa hapa. Siku moja Odette alikwenda kutafuta dawa, nikabaki na mgonjwa. Mara hodi. Wamekuja wazee watatu wamevaa makoti, na mama mmoja amejitanda mshanana, vazi lao la heshima, mabegani, na kijana amebeba kreti ya soda na nyingine ya bia. Wakasema wametoka kwao Tufani, wamekuja kumwona mgonjwa.

Baba, mimi ni mtoto wa Tabora. Mtu akija kumwona mgonjwa na mkono wake hauko mtupu, kwetu unafanyaje? Unamkaribisha, unamshukuru, unapokea mzigo asichoke. Ndivyo nilivyofanya. Karibuni, karibuni sana, Mungu awalipe. Nikatandika mkeka, nikatoa glasi, nikafungua soda mwenyewe, nikawagawia, nikamtilia Anastase yake, nami nikanywa yangu. Anastase alikuwa amelewa dawa za maumivu, anafumba na kufumbua. Akapewa glasi mkononi, akanywa. Wale wazee wakatazamana. Mmoja akasema maneno mazuri marefu ya Kinyarwanda, wengine wakapiga makofi mepesi, nami nikapiga makofi. Kijana akatupiga picha. Mimi nimekenua katikati na chupa mkononi.

Odette aliporudi akakuta kreti mlangoni. Akakaa chini pale pale kizingitini. "Nani amepokea?" Nikasema, "Mimi, dada." Akashika mdomo. "Mana yanjye! Mungu wangu, Zuhura! Hapa kwetu ukikunywa na mwenye alikukosea, umemusamehe. Hiyo pombe ndiyo maneno yenyewe. Imeisha! Sasa tutasema nini?"

Kumbe wale hawakuja kuangalia mgonjwa. Walikuja kuomba msamaha kimila, wakanikuta mimi, mgeni nisiyejua chochote, nikawapa huo msamaha kwa mikono miwili na tabasamu juu. Kesho yake picha ilikuwa kwenye simu za watu wote: familia zimekaa, zimekunywa, zimesameheana, mwacheni kijana acheze. Odette hakunisemesha muda mrefu. Mahakama haifungwi na soda, mpelelezi aliniambia hivyo, lakini wakili wa Tufani ataileta ile picha. Na mitaani tayari wameshahukumu.

Anastase ndiye aliyenifariji. Aliniita karibu na godoro akasema, "Mwanangu, usilie. Hata mimi nilikuwa nampigia makofi yule. Hata kufungwa sitaki afungwe, mguu wangu hautapona kwa yeye kulala ndani. Nataka aseme ni yeye. Basi. Aseme, 'Anastase, ni mimi.' Ningemsamehe bila soda." Nilitoka nje nikalia mpaka mafua yakanishika.

Tangu hapo, Baba, ninaogopa. Naliandika neno lenyewe maana sina lingine. Ninaogopa asubuhi nikifungua karakana, ninaogopa nikipanda kilima kurudi chumbani. Kompresa ya rangi ikilia ghafla naruka kama mbuzi. Kuna mtu wa pikipiki anayesimama ng'ambo ya barabara, amevaa skafu ya timu, abiria hachukui. Labda anasubiri mtu wake. Labda ananisubiri mimi. Nimepokea ujumbe wenye picha ya mlango wangu, mlango tu, hakuna neno hata moja. Nimeutazama ule mlango kwenye simu nikaona ndala zangu pale nje na kanga niliyoanika, nikahisi kama nimevuliwa nguo. Nikaipeleka kwa yule mama mpelelezi, akaandika, akasema watafuatilia, nikiona kitu nimpigie. Ni mtu mwema. Lakini yeye jioni anakwenda kwake, na mimi nakwenda kwangu, kwenye mlango ule ule.

Mwenye nyumba wangu amesema nitafute chumba kingine, eti anataka kupaka rangi. Wateja wamepungua. Wanawake wa sokoni waliokuwa wananiita "Tanzania, Tanzania, njoo uonje" sasa wanapanga nyanya zao kwa makini sana nikipita. Na Patron, ambaye hanichukii, najua hanichukii, aliniita nyuma ya rundo la sponji akaniambia kwa sauti ya chini, "Kibali yako ya kufanya kazi inaisha karibu, si ndiyo? Mimi ndiye nasaini. Sasa wewe ulikuwa na kazi gani ya kuona? Sema ulichanganya. Mutu anaweza kuchanganya, sha, hiyo si dhambi." Hakunitishia. Alikuwa anaogopa mwenyewe. Tufani ndiye mteja wake mkubwa, na marafiki wa Tufani ndio wanaofuata.

Halafu akaja mwenyewe.

Ilikuwa mchana, mvua inamwagika, karakana imebaki na watu wachache. Nimepiga magoti nafunga kitambaa kwa stepla, nikaona viatu vyeupe. Nikainua macho. Tufani, amevaa kofia, peke yake. Baba, nikashika ile stepla kama bunduki, aibu yangu. Akavuta kigoda akakaa, akasema kwa Kiswahili chenu kile alichojifunza huko, "Shwari, dada? Mzee hajambo Tabora?"

Angenitukana ningejua la kufanya. Lakini alikaa pale kama ndugu. Akasema halali usingizi. Akasema siku ile alipomwona Anastase chini, miguu yake ilikimbia yeye akiwa bado amesimama. Akasema, "Mimi nikianguka, dada, siangukii peke yangu. Mama yangu kule Gahanga namjengea, wadogo zangu nasomesha, timu, watu wote hawa. Kalisa amekubali mwenyewe, sikumlazimisha. Yeye hana cha kupoteza."

Nikamuuliza, "Si ana mke?"

Akasema, "Anaye."

"Na mtoto?"

Akatazama mvua. "Mdogo. Nitawatunza. Nimeapa nitawatunza."

Nikapiga stepla moja kwenye kitambaa. Kisha akasema, "Sikuombi useme uongo. Sema tu hukuona vizuri. Kulikuwa na vumbi." Na kweli palikuwa na vumbi, Baba, Gisozi haijawahi kukosa vumbi. Halafu akatoa kifurushi kwenye koti akanipa, akasema, "Hii ya mzee. Ulivyoniambia siku ile nilifurahi sana." Nikapokea. Laana ya mikono yangu, imezoea kupokea kwa heshima kabla akili haijafika! Alipokwisha ondoka nikafungua. Jezi, Baba. Jezi yake yenyewe, na mgongoni ameandika kwa kalamu nene: Kwa Mzee Ramadhani, mshika kibendera.

Nilikaa na ile jezi mapajani mpaka mvua ikakatika. Nilikuona umeivaa. Nilikuona umekwenda nayo kijiweni, umekaa mgongo kwa watu makusudi wasome. Ningeituma tu kwa huyu dereva, nikasema mahakamani palikuwa na vumbi, wewe ungefurahi mpaka unaingia kaburini, na mimi ningepata kibali changu na chumba changu. Nani angejua? Mnyonge hana haki, wanasema, na mwenye nguvu mpishe. Nilikuwa tayari kupisha, Baba. Nakuambia kweli. Nilishaikunja jezi, nikaifunga kwenye karatasi, nikaandika jina lako.

Kilichonizuia ni wewe.

Unakumbuka ile fainali ya mkoa, timu yetu ya mtaani ilipofunga bao la ushindi? Mfungaji alikuwa Ba'mdogo Shabani, ndugu yako tumbo moja. Watu wameingia uwanjani kwa furaha, na wewe kule pembeni umeinua kibendera. Ameotea. Nilikuwa mdogo, nimekaa kwenye nyasi na mama, nikaona watu wote wanageuka kukutazama. Ulikuwa peke yako kwenye ule mstari na kile kitambaa chekundu. Ulikuwa unatetemeka, kibendera kilikuwa kinatikisika na upepo haukuwepo. Lakini hukukishusha. Usiku walipiga mawe bati letu, mama akatuingiza uvunguni, na Ba'mdogo hakukanyaga mlangoni kwetu muda mrefu sana. Mama akakuuliza kwa uchungu, "Ramadhani, lilikuwa lazima?" Ulikuwa unapangusa viatu vyako vya mpira. Ukasema neno moja. "Niliona."

Mimi nilidhani wewe huogopi. Miaka yote nimedhani hivyo. Sasa nakumbuka ule mtikisiko wa kibendera na ninajua uliogopa kama mimi, na pengine zaidi, maana wewe ulikuwa na watoto uvunguni.

Kesi inasikilizwa kesho. Odette amekuja leo asubuhi, mara ya kwanza tangu mambo ya soda. Ameleta viazi vitamu na maharage, amekaa na mimi. Akasema kesho tutakwenda wote, nisitembee peke yangu, na Anastase atabebwa kwenye kiti. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwongo," akanipakulia.

Mpelelezi ameniambia kutakuwa na mkalimani, na nitaapa kwa kuinua mkono wa kulia. Nimejaribu hapa chumbani, nimesimama mbele ya kioo nikauinua. Unatetemeka, Baba. Nikaushusha, nikauinua tena, bado unatetemeka. Sijui kama kesho utapanda. Wote watakuwepo, Tufani na wale wazee wa makoti na watu wa skafu, na Kalisa naye ataletwa. Sijui Kalisa atanitazama vipi, yeye amekubali na mimi nakuja kumkatalia. Sijui nikitoka nitarudi kwenye mlango upi. Majaji nao sijui wataamua nini, pengine wataliamini jina kuliko fundi wa makochi. Hilo si langu. Refa anaweza kukikataa kibendera, wewe mwenyewe ulinifundisha, kazi ya mshika kibendera ni kuinua.

Jezi siitumi. Nisamehe kwa hilo kuliko mengine yote. Nimeitia kwenye mfuko, kesho nitamrudishia mkononi mbele ya watu. Jina lako litakuwa limeandikwa mgongoni, hilo siwezi kulifuta. Picha ya sebuleni siwezi kukuamulia. Ukitaka iache. Bao lile alilifunga kweli.

Nisalimie mama, mwambie asante kwa kusoma mpaka hapa, na machozi ayafute kabla hajatoka chumbani. Nisalimie Kaka Hamisi, mwambie namdai maneno mazuri maana mabaya yake ninayo ya kutosha. Nisalimie Shangazi Mwamvua wa Urambo, mguu wake na wako ipelekwe kwa mganga mmoja. Nisalimie wifi na mapacha wake, na yule bibi jirani anayetuuzia chumvi. Na Ba'mdogo Shabani, nisalimie yeye kwa namna ya pekee, muulize kama siku hizi anakubali kwamba aliotea.

Hii itakapokufikia, mkono wangu utakuwa umeshainuka au umeshindwa. Simu nimeizima, si kwa ajili yao, ni kwa ajili yako. Ukinipigia leo ukaniambia nimwonee huruma Tufani, nitamwonea, najijua. Nitaiwasha nikishatoka mahakamani. Hapo nipigie, Baba, ila siku hiyo moja spika uizime. Wakiniuliza kesho ilikuwa lazima, sina maneno mengi ya kusema, na Kiswahili changu kitapita kwa mkalimani. Nitasema lile lako.

Niliona.

Binti yako anayekuogopa na kukupenda,

Zuhura